UZI: Atropini, oksimu, diazepamu: kila dawa inagusa wapi mwilini kwenye sumu za neva?

#1 Mfamasia_Ngara

Wadau wa tiba na famasia, nafungua uzi huu kwa sababu ya kauli moja inayosikika sana kwenye vyumba vya dharura hapa Nairobi: "mpe dawa ya kuua sumu." Atropini haiui sumu. Oksimu nayo haisafishi damu. Diazepamu ndiyo kabisa, haina habari na sumu. Kila moja ina mahali pake, na mgonjwa akifa mara nyingi huwa amefia mahali ambapo hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayofika kwa uhakika.

Msingi kwanza. Neva ikitaka kuamrisha msuli au tezi, inamwaga asetilikolini kwenye upenyo mdogo uliopo kati yao. Asetilikolini inashika kipokezi, ujumbe unapita, kisha kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi kinaikata papo hapo. Kimeng'enya kimoja hukata maelfu ya molekyuli kwa sekunde. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya shimo jembamba la nanomita 2 hivi, na kwa binadamu inayokata ni serini namba 203, ikisaidiwa na histidini 447 na glutameti 334.

Organofosfeti zote, kuanzia sarini na VX za kijeshi hadi klopirifosi, diazinoni na dimethoeti zinazouzwa kwenye agroveti, zinabandika fosfeti kwenye hiyo serini. Kimeng'enya kinaziba, asetilikolini inarundikana, na vipokezi vinapigwa bila kupumzika.

Vipokezi vya muskarini viko kwenye tezi, mapafu, moyo, utumbo, kibofu na mboni. Ndiyo maana unaona mate, jasho, machozi, kuharisha, mkojo kutoka wenyewe, mapafu kujaa majimaji, moyo kwenda polepole na mboni kuwa kama ncha ya sindano. Vipokezi vya nikotini viko kwenye misuli tunayoiamrisha na kwenye vituo vya neva vya kupandisha presha. Hivi vikipigwa, misuli inarukaruka chini ya ngozi, halafu inachoka na kulala. Ubongo una vyote viwili, kwa hivyo unapata degedege na kituo cha kupumua kuzima.

Atropini inakaa kwenye kipokezi cha muskarini peke yake. Oksimu inakwenda kwenye kimeng'enya na kung'oa fosfeti, kama muda haujapita. Diazepamu inaongeza nguvu ya kipokezi cha GABA-A, kile kinachotuliza neva ubongoni. Kwenye msuli wa kupumua uliolala, palipo na kipokezi cha nikotini, hakuna dawa ya kuzuia tunayompa mgonjwa. Hapo kuna mkono wako na mfuko wa kupulizia hewa, halafu mashine.

Karibuni. Naomba namba na hoja, visa vya "mimi niliwahi" tuviache nje.

#2 Tabibu_Kawangware

Asante mkuu. Swali la moja kwa moja: kwa nini vitabu vingi vinasema atropini miligramu 1 hadi 3, halafu wakubwa wanazungumza juu ya miligramu 50 au 100? Kipokezi ni kile kile. Tofauti inatoka wapi?

#3 Mwalimu_Famakolojia

Tabibu, inatoka kwenye ushindani. Atropini haikiharibu kipokezi wala haikifungi daima. Inakikalia tu, na asetilikolini ikiwa nyingi zaidi inaing'oa. Ni kugombania kiti cha matatu saa kumi na moja jioni: wanaotaka kuketi wakiongezeka, na wewe lazima ulete watu wako wengi zaidi. Mtu mwenye kimeng'enya kilichobaki asilimia 40 anaweza kutosheka na miligramu 3. Aliyebakiwa na asilimia 5 ana asetilikolini isiyo na mwisho, na dozi yake haiwezi kuandikwa mapema kwenye karatasi.

Ndiyo sababu hatutoi dozi ya kudumu, tunafuata dalili. Lile jaribio la Bangladesh lililochapishwa 2012 lililinganisha njia mbili: dozi inayoongezwa mara mbili kila hatua ikifuatwa na dripu, dhidi ya mtindo wa zamani wa sindano zilezile kila baada ya dakika kadhaa. Vifo vilikuwa asilimia 8 kwa njia ya kwanza na asilimia 22.5 kwa ya pili. Na la kushangaza wengi, sumu ya atropini yenyewe ilipungua kwenye kundi lililoongezwa haraka, kwa sababu walifika kwenye lengo wakasimama.

#4 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Acha niweke hatua kwa mtu mzima, kwa ampuli za miligramu 1.

Dakika 0: miligramu 2 kwenye mshipa. Andika saa. Andika vitu vitano: mapafu, mapigo, presha, kwapa, mboni.
Dakika 5: hakuna nafuu? Miligramu 4.
Dakika 10: miligramu 8.
Dakika 15: miligramu 16.

Hapo jumla ni miligramu 30 ndani ya robo saa, yaani ampuli 30 zimevunjwa. Mtu mmoja avunje na kuvuta, mwingine adunge, wa tatu aandike. Ukiwa peke yako huwezi kufuata ratiba hii, ita watu mapema. Ukiona nafuu imeanza, acha kuongeza mara mbili, rudia dozi ileile au ndogo zaidi hadi ufike lengo.

Lengo: mapafu yamekauka, hakuna mkoromo wala filimbi, mapigo zaidi ya 80 kwa dakika, namba ya juu ya presha zaidi ya 80, kwapa kavu, mboni si ncha ya sindano tena. Kwa mtoto unaanza na miligramu 0.02 hadi 0.05 kwa kila kilo ya uzito, kisha unapanda vilevile.

Ukishafika, anza dripu. Asilimia 10 hadi 20 ya jumla iliyotumika, kwa kila saa. Kama ulitumia miligramu 30, dripu ni miligramu 3 hadi 6 kwa saa. Ninayoiona rahisi kuchanganya: toa mililita 50 kwenye chupa ya maji ya chumvi ya mililita 500, weka ampuli 50 za mililita 1. Sasa kila mililita ina miligramu 0.1. Miligramu 4 kwa saa ni mililita 40 kwa saa. Huna pampu na mpira wako ni wa matone 20 kwa mililita? Hayo ni matone 13 kwa dakika. Bandika lebo kubwa kwenye chupa, jina la dawa na kiwango. Chupa isiyo na lebo itafunguliwa kwa kasi na mtu anayedhani ni maji ya kawaida.

#5 Mfamasia_Ngara

Naongezea la stoo. Kuna ampuli za miligramu 1 na za miligramu 0.6, na mara nyingine ziko rafu moja. Hesabu ya dada hapo juu ukiifanya kwa ampuli za 0.6 bila kujua, mgonjwa amepata asilimia 60 ya ulichoandika, na wewe unakaa unashangaa mbona mapafu hayakauki. Soma shingo ya ampuli.

La pili, chupa za kutumiwa mara nyingi huwa na pombe ya benzili kama kihifadhi. Kwa dozi ndogo si neno. Kwa dozi hizi kubwa tumia zisizo na kihifadhi, hasa kwa watoto.

Na hesabu ya akiba: mgonjwa mmoja wa miligramu 4 kwa saa anakula ampuli 96 kwa siku. Kituo chenye boksi moja la ampuli 10 kitamuanza tu, hakitamtibu. Akifika, piga simu ya rufaa huku mwingine akidunga.

#6 Tabibu_Kawangware

Na mapigo yakiwa tayari 120 kabla ya dozi ya kwanza? Wengi hapo hushika breki.

#7 Mwalimu_Famakolojia

Wasishike. Moyo unakwenda mbio kwa sababu vituo vya neva vya nikotini vimesukuma adrenalini, au mgonjwa hana oksijeni, au amekaushwa na kuharisha. Mapigo ya juu si kizuizi cha atropini. Kinachokuongoza ni mapafu.

Mboni nazo zisikutawale. Kama sumu iliingia machoni moja kwa moja, mboni inabaki ndogo kwa muda mrefu hata mwili mwingine ukiwa umetosheka. Na hata bila hivyo hukawia kufunguka kuliko mapafu. Mtu anayefukuzia mboni atampa mgonjwa atropini ya kumtia wazimu.

Sumu ya atropini unaijua hivi: mgonjwa anavurugikiwa, anachuma vitu hewani, joto linapanda, tumbo limenyamaza kabisa ukiweka kipimo, mkojo umeziba. Simamisha dripu dakika 30 hadi 60, dalili zikitulia irudishe kwa asilimia 70 hadi 80 ya kasi ya awali. Jua la mchana kwenye wodi ya mabati likikutana na mtu asiyetoka jasho, joto hupanda haraka mno.

Na ile hofu ya kwamba lazima oksijeni itangulie, la sivyo moyo utasimama: weka oksijeni ikiwepo, lakini usiicheleweshe atropini ukisubiri mtungi. Mapafu yaliyojaa majimaji ndiyo yanayozuia oksijeni, na atropini ndiyo inayoyakausha.

#8 Daktari_Usingizi

Mwalimu amesema mapafu, nami naongeza kosa linaloambatana nayo: kusikia mkoromo pande zote, kudhani ni moyo umeshindwa, na kudunga furosemidi, dawa ya kukojoza maji. Mgonjwa huyu hana maji ya ziada, ameyatoa yote kwa jasho, mate na kuharisha. Unampunguzia presha bure. Mpe maji ya dripu pamoja na atropini.

Kosa la upande wa pili: mapafu yamekauka yote isipokuwa chini kulia, bado kuna mkoromo pale pale. Hiyo si dalili ya kuongeza atropini. Huenda amevuta matapishi.

Sasa shughuli yangu. Ukimtia mrija wa kupumulia mgonjwa wa organofosfeti, acha suksametoni, dawa ya kulegeza misuli, kwenye droo. Suksametoni huvunjwa na binamu wa kimeng'enya chetu, butirilikolinesterasi, ambayo nayo imezibwa na sumu hiyo hiyo. Kulegea kwa dakika 5 kunageuka saa nzima au zaidi. Tumia rokuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza, nayo ujue huenda ikahitaji dozi kubwa kidogo, maana inashindana na asetilikolini iliyofurika kwenye kipokezi cha nikotini. Neostigmini ya kuamshia misuli yake baadaye usiifikirie hata: inaziba kimeng'enya kilekile. Hapo ndipo wanafunzi hucheka, halafu mtu anaiandika kwa mazoea.

#9 Kemia_wa_Sumu

Naingia kwenye oksimu maana naona imerukwa. Pralidoksimu, ambayo ni oksimu, ilitoka kwenye maabara ya Wilson na Nachmansohn, Chuo Kikuu cha Columbia, miaka ya 1950. Umbo lake lina chaji chanya inayovutwa na shimo la kimeng'enya, na kwenye mkia kuna kundi la oksimu linaloshambulia fosfeti na kuing'oa kwenye serini. Serini inabaki huru, kimeng'enya kinarudi kazini. Kwa hivyo oksimu ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayorekebisha chanzo, na ndiyo pekee inayoweza kuusaidia msuli uliolala.

Shida ni kuzeeka. Fosfeti iliyobandikwa ina matawi ya alkili (vipande vya kaboni na hidrojeni). Tawi moja likidondoka, kinachobaki kinashika chaji hasi na kung'ang'ania serini. Hapo oksimu haing'oi kitu, mwili utasubiri kutengeneza kimeng'enya kipya.

Kasi inategemea matawi. Kwa zenye matawi ya dimethili (dimethoeti, malathioni), nusu ya kimeng'enya kilichozibwa huzeeka kwa saa 3.7, na nusu hujifungua yenyewe kwa saa 0.7. Za diethili (klopirifosi, diazinoni) nusu huzeeka kwa saa 33 na nusu hujifungua kwa saa 31. Kwa hivyo kwa dimethili dirisha la oksimu ni kama saa 12, kwa diethili ni kama siku 5. Profenofosi muundo wake ni mwingine, huzeeka haraka kiasi kwamba oksimu haina la kufanya. Kwa silaha za neva, somani ndiyo mbaya zaidi: nusu huzeeka ndani ya dakika chache. Sarini ni saa kadhaa. VX ni zaidi ya siku.

Ndiyo maana kuuliza "alikunywa nini na saa ngapi" si swali la polisi. Ni swali la kimeng'enya. Waambie ndugu zake walete chupa yenyewe, hata ikiwa tupu, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

#10 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Chupa yenyewe mara nyingi ni ile ndogo isiyo na lebo, "dawa ya kunguni" ya kupimiwa barabarani. Hapo tunafanyaje, mkuu?

#11 Kemia_wa_Sumu

Unatibu dalili, na saa zinakusaidia kidogo. Nyingi za kilimo zina salfa mahali pa oksijeni kwenye fosforasi, hazizibi kimeng'enya vizuri hadi ini lizigeuze. Kwa hivyo mtu anaweza kufika anaongea, mkampeleka benchi la kusubiri, na saa kadhaa baadaye akaanza kutoa povu. Zinazoyeyuka kwenye mafuta hujificha huko na kurudi kidogokidogo kwa siku kadhaa. Asiye na dalili usimruhusu aende nyumbani upesi.

#12 Tabibu_Kawangware

Sasa hapa ndipo nina ubishi na nyinyi. Ikiwa oksimu ni nzuri hivyo kwenye karatasi, mbona majaribio kwa wagonjwa hayaonyeshi? Dawa ni ghali, familia inatumwa kuinunua mjini, wanazunguka kutoka duka moja hadi lingine huku atropini imeisha wodini. Kwangu pesa hiyo ni ya atropini na mashine.

#13 Mwalimu_Famakolojia

Ubishi wako una miguu. Weka majaribio mawili kando kwa kando.

Sri Lanka, 2009, wagonjwa 235: pralidoksimu gramu 2 kisha nusu gramu kwa saa, dhidi ya maji tu. Waliokufa asilimia 24.8 kwa dawa, 15.8 kwa maji. Tofauti haikufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu, lakini hakika haikuonyesha faida, ingawa kimeng'enya kwenye chembe nyekundu kilirudi.

India, Baramati, 2006, wagonjwa 200: wote walipata gramu 2 za kuanzia, kisha kundi moja gramu 1 kila saa kwa saa 48, lingine gramu 1 kila saa 4. Vifo asilimia 1 dhidi ya 8. Wagonjwa wao hawakuwa mahututi sana, walifika mapema, na uangalizi ulikuwa wa hali ya juu.

Mimi nasoma hivi: oksimu inasaidia ikifika mapema, kwa diethili, kwa dozi ya kutosha, kwa mtu ambaye tayari anapumuliwa na ana atropini. Nje ya hapo ni bahati nasibu. Ikibidi kuchagua kimoja, nipo na Tabibu.

Kile kiwango maarufu cha miligramu 4 kwa lita ya damu kinachonukuliwa kila mahali kilitoka kwenye majaribio ya paka, 1961. Watu wakikariri kitu miaka 60 husahau kilizaliwa wapi.

#14 Mfamasia_Ngara

Kwa anayeitumia, basi aitumie sawasawa. Mapendekezo ya WHO ni miligramu 30 kwa kilo kuanzia, kisha miligramu 8 kwa kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60: gramu 1.8 ndani ya mililita 100, kwa dakika 30, kisha miligramu 480 kwa saa. Hiyo ni gramu 11.5 kwa siku, chupa 12 za gramu 1, ukiacha zile 2 za kuanzia. Kumpa chupa moja "ili tuone" ni kutupa pesa: nusu ya dawa hutoka mwilini kwa saa moja na robo hivi, kupitia figo. Na figo zikiwa hazifanyi kazi, punguza.

Usiisukume haraka. Ikiingia kwa kasi, presha inapanda, koromeo linabana, misuli inakakamaa, na moyo unaweza kusimama. Watu husema "mgonjwa alikufa kwa sumu" kumbe alikufa kwa bomba lililosukumwa kwa dakika moja.

Tena isiende bila atropini.

#15 Msomaji_Eastlands

Samahani wataalamu, mimi niko maabara ya shule ya tiba, nina swali dogo: kabamati, kundi jingine la dawa za wadudu, kama methomili nazo zinaziba kimeng'enya hicho hicho. Oksimu hapana?

#16 Kemia_wa_Sumu

Kwa kawaida haihitajiki. Kabamati inabandika kabamili, si fosfeti, na haizeeki. Serini inajifungua yenyewe, mara nyingi ndani ya saa 24. Atropini inatosha kuvuka hizo saa. Lakini ukiwa hujui kama ni kabamati au organofosfeti na mgonjwa ni mahututi, tibu kama organofosfeti.

Kuna nyingine inayotuchezea hapa kwetu: amitrazi, dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Mboni ndogo, moyo polepole, usingizi mzito. Mtu anaita organofosfeti. Ila haigusi kimeng'enya wala muskarini, inaamsha vipokezi vingine kabisa, vya alfa-2. Angalia mapafu: makavu. Hakuna jasho, hakuna kuharisha, misuli hairukiruki, sukari mara nyingi iko juu. Dozi moja ya atropini kwa moyo wa polepole si dhambi, lakini kupanda 2, 4, 8, 16 kwa mgonjwa wa amitrazi ni kumtengenezea sumu ya pili. Na dawa nyingine za kupe, klofenvinfosi kwa mfano, ni organofosfeti kamili, kwa hivyo "alikunywa ya ng'ombe" hakutoshi. Soma jina.

#17 Daktari_Usingizi

Niseme la degedege kabla uzi haujahama.

Sumu ikiingia ubongoni kwa wingi, kama kwa silaha za neva, degedege inaanza kwa asetilikolini. Dakika za kwanza hata atropini yenyewe ina msaada kwa sababu inavuka kizuizi cha damu na ubongo. Majaribio ya wanyama yanaonyesha kwamba baadaye glutameti, kemikali ya kusisimua neva, inashika usukani kupitia vipokezi vya NMDA, na baada ya dakika 40 hivi mfumo wa asetilikolini si dereva tena. Wakati huohuo vipokezi vya GABA-A vinavutwa kutoka juu ya seli kwenda ndani. Diazepamu inahitaji kipokezi hicho kiwe juu ya seli ndipo ikiongezee nguvu. Dozi iliyokuwa inatosha dakika ya 5 haitoshi dakika ya 60, kwa sababu haina pa kushika.

Kwa hivyo: diazepamu miligramu 10 kwenye mshipa polepole, rudia ikihitajika. Huna mshipa? Midazolamu, ya jamii moja na diazepamu, miligramu 10 kwenye msuli wa paja, maana diazepamu ya msuli hunyonywa polepole na bila mpangilio. Fenitoini, dawa ya kawaida ya kifafa, haina kazi hapa. Ikigoma, ketamini ina mantiki kwa sababu inaziba NMDA.

Msuli uliolala hautikisiki. Mgonjwa aliyelegea kabisa anaweza kuwa bado anapigwa na degedege ndani ya kichwa.

#18 Tabibu_Kawangware

Na zile sindano za kijeshi za kujidunga pajani, zina nini ndani?

#19 Mwalimu_Famakolojia

Ile ya Marekani inayotumika sasa ina atropini miligramu 2.1 na pralidoksimu miligramu 600 kwenye sindano moja. Ya zamani ilikuwa mbili tofauti, atropini miligramu 2 na pralidoksimu 600. Diazepamu miligramu 10 iko kwenye sindano yake. Linganisha na namba za dada wa zamu ya usiku uone: sindano tatu za jeshi ni miligramu 6 hivi za atropini. Zinamnunulia mtu muda wa kufika hospitali, basi.

Kuna pia piridostigmini, vidonge vya miligramu 30 kila saa 8 kabla ya kukutana na somani. Wazo ni la ajabu ukilisikia mara ya kwanza: unaziba kwa makusudi asilimia 20 hadi 40 ya kimeng'enya kwa kabamati inayojifungua, ili somani isikipate chote. Askari walipewa kwenye Vita vya Ghuba 1991, na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha matumizi hayo 2003. Haiingii ubongoni, haifai baada ya sumu kuingia, na bila atropini na oksimu baadaye haina maana. Dawa hiyohiyo ndiyo wagonjwa wa misuli dhaifu, mayasthenia, hutumia kila siku.

#20 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Sambamba na sindano ya kwanza, nguo. Vua zote, zifunge kwenye mifuko miwili, osha mwili kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia. Viatu na mkanda wa ngozi havioshwi vikasafika, vinatupwa. Glavu za nitrili. Za mpira wa kawaida hupitisha. Madirisha yafunguliwe. Tokyo, siku ya shambulio la sarini, Machi 20, 1995, hospitali ya St. Luke's ilipokea watu 640 siku ile, na wahudumu wakaanza kuumwa macho na kichwa kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa.

Mtu wa nyumbani anayesoma hapa: msitapishe, msimpe maziwa, mlazeni kwa ubavu, mvueni na kumwosha, mkimbieni hospitali na chupa.

#21 Msomaji_Eastlands

Upande wa maabara: tunaletewa damu kwenye kichupa cha kijivu, cha sukari. Majibu tunatoa?

#22 Kemia_wa_Sumu

Msitoe. Cha kijivu kina floridi, nayo inazuia kolinesterasi. Utamwandikia mtu sumu ambayo haipo. Omba cha zambarau. Na kiwekwe kwenye barafu dakika ileile, maana ndani ya kichupa mambo hayajasimama: sumu iliyobaki inaendelea kuziba, oksimu iliyobaki inaendelea kufungua. Kichupa kilichokaa dirishani saa tatu kinakuonyesha hali ya kichupa, si ya mgonjwa.

Ya plazima, butirilikolinesterasi, hushuka pia kwa ugonjwa wa ini, utapiamlo, ujauzito, na kwa kurithi. Inakuambia sumu iliingia, haikuambii mgonjwa yuko vipi. Ya chembe nyekundu ndiyo inayofanana na ya neva. Ikiwa zaidi ya asilimia 30 misuli kwa kawaida iko sawa, chini ya 10 kuna hatari kubwa. Ikishazeeka hurudi kwa asilimia 1 hivi kwa siku, chembe mpya zinapozaliwa.

Atropini ya kwanza haisubiri majibu haya.

#23 Daktari_Usingizi

La mwisho upande wangu, kwa sababu ndilo linaloua wodini baada ya wahudumu kushusha pumzi. Kati ya saa 24 na 96, mgonjwa amekauka, ameamka, anaomba chai. Kisha misuli ya shingo, mabega na nyonga inalegea, halafu ya kupumua. Madaktari Senanayake na Karalliedde waliielezea hali hii Sri Lanka 1987. Hakuna mate, mboni hazijabana, kwa hivyo chati ya atropini inaonyesha yuko sawa. Atropini haitamsaidia, kipokezi kilichochoka ni cha nikotini.

Kila saa 4, mwambie alale chali bila mto, ainue kichwa na akishikilie sekunde 5. Kisha mwambie ahesabu kwa pumzi moja, uandike amefika ngapi. Akishindwa kuinua kichwa, au hesabu ikashuka kutoka 25 hadi 12, mhamishe karibu na mashine sasa, kabla oksijeni kwenye kidole haijashuka. Kwa mwinuko wa Nairobi kipimo cha kidole kinasoma chini kidogo kuliko Mombasa hata kwa mzima, kwa hivyo usibishane na namba moja, angalia inaelekea wapi. Mashine anaweza kuihitaji wiki moja hadi tatu, na wengi hutoka.

#24 Tabibu_Kawangware

Kupima shingo kila saa 4 nimekuelewa, daktari. Na usiku akiwa amelala?

#25 Daktari_Usingizi

Mwamshe.